Kuwahesabu Ndama Wasiozaliwa

Abiria wa daladala za Temeke husema "Vetenari, shusha" bila kukumbuka kwamba wametaja maabara. Kituo kilipata jina kutokana na maabara ya mifugo iliyo jirani, ambayo leo ni makao makuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012. Ng'ombe wa Chamazi akitupa mimba, damu yake inaweza kupimwa pale ijulikane kama ana brusela. Majibu yakirudi kwamba hana, mwenye ng'ombe hubaki na swali lile lile alilokwenda nalo: mimba imekwenda wapi? Nataka kuwasifu watu waliolifanya swali hilo kuwa kazi yao, kuanzia yule anayefika nyumbani na mtungi nyuma ya pikipiki hadi yule asiyewahi kumgusa ng'ombe wako lakini anaweza kukuambia ni babu yake yupi aliyekutia hasara.

Ng'ombe wa maziwa wa Temeke haonekani barabarani. Yuko nyuma ya nyumba, Yombo, Toangoma, Mbande, Kongowe, kwenye banda la mabanzi na bati. Kanuni za mji zilizotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitaka awe humo humo ndani, na kwa kaya moja wasizidi wanne. Majani hukatwa mabondeni yakaletwa kwa baiskeli. Pumba na mashudu hununuliwa kwa gunia. Hapa hakuna malisho ya bure. Ndiyo maana mtamba anayefika miaka mitatu bila kushika mimba humaliza faida ya mama yake, na ndama jike akifa na wiki mbili, kungoja kunaanza upya. Watu husifu ng'ombe kwa lita. Mimi huuliza kwanza amezaa mara ngapi, na watoto wake wako wapi.

Fundi wa kwanza ni mhimilishaji. Simu yake huita alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dokta, huyu kalia usiku kucha."

"Ute umeuona?"

"Umening'inia, unang'aa, hauna usaha."

"Jana jioni alikuwaje?"

"Jana alikula vizuri tu."

"Basi nitakuja saa tisa alasiri."

Huenda huyo hajasomea udaktari wa mifugo, bali kozi ya uhimilishaji tu, lakini mjini kila anayemgusa ng'ombe kwa ustadi ni dokta. Asiyejua kazi atashangaa kwa nini haji sasa hivi, ilhali mama ana wasiwasi na ng'ombe anapiga kelele. Mhimilishaji anajua kwamba yai la ng'ombe hushuka saa 10 hadi 12 hivi baada ya joto kuisha, na kwamba mbegu zikishawekwa zinahitaji saa kadhaa ndani ya mfuko wa uzazi kabla hazijaweza kurutubisha. Aliyeanza kulia usiku atahimilishwa mchana, aliyeanza mchana atahimilishwa kesho asubuhi. Kanuni hiyo ilitokana na majaribio yaliyofanywa Nebraska, Marekani, miaka ya 1940, na mpaka leo inatumika kwenye mabanda ya Mbagala, ingawa hapa ina ugumu wake. Ng'ombe wakiwa kundini, aliye kwenye joto hujitangaza kwa kusimama apandwe na wenzake. Huyu yuko peke yake, amefungwa, hana wa kumpanda. Akiwa chotara wa zebu, joto lake huwa fupi na la siri, na jua la Dar es Salaam la Desemba hadi Machi hulisukuma usiku wa manane. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi iko machoni mwa mama aliyepiga simu: maziwa yamepungua ghafla, mkia umechafuka, chakula kimebaki kwenye kihori. Wapo wanaojua hata alama iliyochelewa, kile kidamu kinachotoka siku mbili hivi baada ya joto. Akikiona, mfugaji mzoefu hampigii mtu simu. Anahesabu siku 18 au 19 mbele, anaweka alama kwenye kalenda, halafu anaanza kuamka usiku.

Saa tisa mtungi unafunguliwa. Ndani kuna naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mirija myembamba ya robo au nusu mililita, kila mmoja una mamilioni ya mbegu. Mtazame mikono. Kikombe chenye mirija hakipandishwi juu ya shingo ya mtungi zaidi ya sekunde chache, kwa sababu mrija ulioonja hewa ya Temeke na kurudishwa umeharibika, ingawa kwa macho uko vile vile. Kibano kinauchomoa mmoja, unaingia kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 40, unafutwa mpaka ukauke kabisa kwa kuwa tone la maji huua mbegu, unakatwa, unapachikwa kwenye bomba la kuhimilishia, na bomba linaingizwa ndani ya shati lisipoe. Yote hayo hufanyika huku akizungumza na mama habari za bei ya pumba.

Kisha mkono wa kushoto unaingia kwa njia ya haja kubwa na kuushika mlango wa kizazi kupitia ukuta wa utumbo. Mlango huo una pete tatu au nne ngumu, na bomba lazima lipite zote bila kulazimishwa. Fundi mzuri halisukumi bomba. Anauvisha mlango juu ya bomba, pete baada ya pete, kwa ule mkono usioonekana. Wengi wakifika hapo hutazama ukutani au juu kwenye bati, kwa sababu macho hayana msaada tena. Pete ya mwisho ikipitwa anasimama hapo hapo, anaachia polepole. Akizidisha sentimita chache mbegu zote zitaingia pembe moja ya mfuko, labda ile isiyo na yai. Kwa mtamba mlango ni mwembamba, na ndiyo kazi ya kumpimia kijana anayejifunza: nimeona wenye haraka wakitoka na damu kwenye glovu, na waliotulia wakitoka safi.

Ila mkono hauwezi kurekebisha kosa lililofanyika wakati wa kuchagua mrija. Mtamba mdogo wa chotara akipewa mbegu ya Friesian atabeba ndama anayeweza kuzaliwa na kilo 40. Akipewa ya Jersey, ndama atakuwa na kilo 25 au zaidi kidogo, na atatoka. Uzazi mgumu humuua ndama, humchosha mama, na mara nyingi humwachia maambukizi yatakayomchelewesha kushika tena. Mhimilishaji anayemwambia mteja wake "mama, kwa uzazi wa kwanza tumpe Jersey, kubwa utapata baadaye" amemwokoa ndama miezi tisa kabla hajazaliwa. Hapo hupoteza wateja pia, maana jirani ana Friesian, na Friesian ni sifa.

Kuna mtamba mmoja ambaye fundi hamhimilishi kabisa: aliyezaliwa pacha na dume. Mapacha wa ng'ombe huunganisha mishipa ya damu tumboni, homoni za ndama dume humfikia dada yake, na viungo vyake vya uzazi havikui. Zaidi ya tisa kati ya kumi wa aina hiyo ni tasa. Kwa nje ni mzuri, tena hunenepa haraka. Huuzwa mnadani kwa mtu asiyeuliza.

Mpaka hapa tumezungumza mambo ambayo mtu mmoja mwenye mikono mizuri anaweza kuyamaliza. Urithi ni shughuli nyingine. Tofauti za maziwa kati ya ng'ombe na ng'ombe hutokana na urithi kwa kiasi cha asilimia 30 hivi. Zilizobaki ni chakula, matunzo na bahati. Tofauti za kushika mimba, na za ndama kuishi au kufa, hutokana na urithi kwa kiasi ambacho mara nyingi hakifiki asilimia 5. Waliosoma takwimu hizo zamani wengi walikata tamaa, wakaona ni afadhali kuchagua madume kwa maziwa na kuiachia rutuba ijitunze. Haikujitunza. Holstein, yaani Friesian wa Marekani, waliongezeka maziwa kwa miongo mingi huku mabinti zao wakizidi kuwa wagumu kushika mimba, mpaka mwaka 2003 Wamarekani walipoanza kumpima kila dume kwa wepesi wa binti zake kushika mimba. Wanorwei walikuwa wameanza kuhesabu rutuba mapema miaka ya 1970, na ng'ombe wao mwekundu hakupita njia hiyo.

Walichokielewa Wanorwei ni kwamba asilimia 5 haionekani kwenye banda moja, lakini inaonekana kwenye mabanda elfu. Mwenye ng'ombe wanne hawezi kujua kama ndama wake alikufa kwa ndoo chafu au kwa damu ya baba. Dume mwenye mabinti mia tatu, kwenye mabanda mia tatu, ndoo chafu zimegawanyika: wengine wana wenye nyumba makini, wengine wazembe, na hao wanafutana. Kinachobaki baada ya kufutana ndicho cha dume. Ufundi wote wa kuzalisha ng'ombe wanaoishi umejengwa juu ya kungoja mabinti wazaliwe, wakue, wahimilishwe, wazae, na mtu aandike tarehe. Kwa njia ya zamani, dume alikuwa na miaka mitano au zaidi ndipo ukaweza kumsema vizuri.

Tanzania ina historia yake katika subira hiyo. Wajerumani walifungua kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na baadaye, enzi za Waingereza, watafiti wa pale walianza kuchanganya zebu wa nchi hii na Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, wakaongeza Boran na kidogo cha damu ya Ulaya. Lengo lilikuwa ng'ombe wa Dodoma: atoe maziwa ya kutosha nyumbani na abaki hai kiangazi kikija. Alipewa jina la Mpwapwa mwaka 1958. Hakuwahi kuwa maarufu mjini. Dar es Salaam mtu hujisifu kwa asilimia za damu ya kigeni, "huyu wangu ni tisini kamili," na kila anayemsikia anaitikia kwa heshima.

Mimi siitikii. Mwaka 1987 Cunningham na Syrstad waliiandikia FAO tathmini ya machotara wa nchi za joto, wakikusanya matokeo ya mabara kadhaa, na picha iliyotoka ilikuwa hivi: kutoka zebu hadi nusu kwa nusu, maziwa hupanda, umri wa kuzaa mara ya kwanza hushuka na nafasi kati ya uzazi na uzazi hupungua. Ukivuka nusu, maziwa hayaongezeki kwa kasi ile tena, na nafasi ya uzazi huanza kurefuka. Yule chotara wa kwanza, mama zebu na baba Friesian, ana nguvu ya mchanganyiko katika kila jeni, na nguvu hiyo huonekana zaidi kwenye kuishi na kuzaa kuliko kwenye maziwa. Ukimpandisha kwa dume chotara mwenzake, nusu ya nguvu hiyo hupotea kwa watoto. Mfugaji huona kizazi cha pili kimelegea na kudhani amelaghaiwa mbegu. Kumbe ni hesabu.

Sasa niwataje waliowahesabu wasiozaliwa. Mwaka 2011 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa na vipimo vya DNA vya makumi ya maelfu ya ng'ombe wa maziwa. Walitafuta vipande vya kromosomu ambavyo ng'ombe wengi walikuwa navyo kwa mzazi mmoja. Ukijua wabebaji ni wangapi na wamepandishwa na nani, unaweza kupiga hesabu ni watoto wangapi walipaswa kukipata kipande kile kutoka kwa baba na mama pia: mmoja kati ya wanne, kila wabebaji wanapokutana. Walifanya alichofanya mwalimu anayeita mahudhurio. Waliita majina ya waliopaswa kuwepo, wakasubiri nani asiitike. Kwa vipande kadhaa hakuitika hata mmoja. Walikuwa wamekufa wote tumboni, na hakuna mfugaji aliyewaona.

Kipande kimoja kati ya hivyo kiliitwa HH1, na walipofuata nasaba walifika kwa Pawnee Farm Arlinda Chief, dume aliyezaliwa mwaka 1962, mwenye mabinti wapatao 16,000 na wajukuu zaidi ya nusu milioni. Mwaka 2016 jeni yenyewe ilitajwa, APAF1, yenye herufi moja iliyoharibika. Inakadiriwa kwamba kasoro hiyo imeua mimba nusu milioni hivi duniani, hasara ya dola milioni 420. Na hapa wanasayansi walikuwa waungwana, wakahesabu upande wa pili pia: faida ya maziwa aliyoleta Chief ilikadiriwa kuwa dola bilioni 30. Hakuna aliyekuwa mjinga kumtumia. Ila kwa miaka karibu hamsini mabinti zake walipopoteza mimba za miezi miwili, mitatu, hata mitano, lawama iliwaangukia wahimilishaji, chakula na hali ya hewa.

Kasoro za madume wengine ziliua ndama baada ya kuzaliwa. Ukoo wa Osborndale Ivanhoe ulieneza kasoro iliyogunduliwa mwaka 1992, ambayo huzifanya chembe nyeupe za damu zishindwe kutoka kwenye mishipa kwenda penye ugonjwa. Ndama huugua hiki na kile mpaka afe. Ukoo wa Maughlin Storm wa Kanada ulieneza nyingine, iliyotambuliwa mwaka 2015: ndama hawezi kusafirisha mafuta mwilini, anaharisha, anakonda, anakufa ndani ya wiki au miezi michache. Mbegu ya Friesian ni bidhaa ya dunia nzima, na nasaba hizo zimefika kokote ilikofika. Katika vitabu vya madume herufi mbili zinazofuata jina huyasema haya: TL kwa aliyepimwa na kukutwa hana kasoro ya Ivanhoe, BL kwa anayeibeba. Mhimilishaji anayezisoma herufi hizo kabla ya kuagiza ananistaajabisha zaidi ya mwenye mkono mwepesi.

Fundi huyo huyo, ukimpelekea ndama anayeharisha, hatakuambia habari za Kanada kwanza. Atauliza alinyonya dang'a saa ngapi. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, hivyo ndama huzaliwa bila kinga yoyote ya mama, na utumbo wake huanza kufunga mlango saa chache tu baada ya kuzaliwa; ikifika siku moja, basi. Lita tatu hadi nne za dang'a ndani ya saa sita, na aidini kwenye kitovu, huokoa ndama wengi kuliko maabara zote nilizozitaja. Huu utaratibu wa kuondoa sababu za karibu kabla ya kushtaki damu ndio unaomtofautisha fundi na mbabaishaji.

Ugonjwa unaowatisha zaidi wafugaji wa ukanda wetu ni ndigana kali. Hata ndama asiyetoka bandani huletewa kupe ndani ya mzigo wa majani. Ipo chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970: ndama hupewa vimelea hai pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu, anaugua kidogo na kupona na kinga. Lakini watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, na Taasisi ya Roslin ya Uskoti waliona kitu kingine kwa ng'ombe wa Boran: ndama wa ukoo wa dume mmoja waliambukizwa na wengi wao wakaishi, ilhali wengi wasio wa ukoo huo walikufa. Mwaka 2022 walichapisha kwamba uvumilivu huo unakwenda sambamba na badiliko kwenye jeni iitwayo FAF1B. Jeni hiyo ilikuwa kwa ng'ombe wetu siku zote, zebu yule yule anayedharauliwa na wenye tisini kamili.

Namna ya kupata jeni nyingine za aina hiyo ni kuandika. Kuanzia mwaka 2016 hivi, mradi wa kuboresha ng'ombe wa maziwa uitwao ADGG, ulioongozwa na ILRI, ukishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, ulianza kuwatuma vijana kwenye mabanda ya wafugaji wadogo: kumvika ng'ombe hereni yenye namba, kumzungushia futi kifuani kujua uzito, kupima maziwa, kuandika tarehe za kuhimilishwa na kuzaa, kunyofoa nywele chache za mkia kwa ajili ya DNA. Kazi ya kuchosha, haipigwi picha. Kwa DNA hiyo ndama dume anaweza kukadiriwa ubora wake bila kungoja miaka ya mabinti, lakini makadirio yana thamani ikiwa tu mahali fulani kuna mabanda mengi yaliyoandika ukweli, pamoja na ndama waliokufa. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River, Arusha, kinachozalisha mirija, kitachagua madume vizuri kadiri wafugaji wanavyoandika vizuri.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua mtamba Mbagala au Kongowe, kabla ya kuuliza mama yake anatoa lita ngapi, uliza mama alizaa lini na lini, mtamba alizaliwa peke yake au pacha, na ndugu zake wangapi wamefika mwaka mmoja. Anayeuza akijibu kwa daftari, mwongezee bei. Na mhimilishaji akija kwako alasiri, usimwache aondoke kabla hujanakili: jina na namba ya dume vimechapwa ubavuni mwa mrija, na mrija ule hutupwa akishanawa mikono.